Kumpeleka mtoto mdogo kwenye treni ya Krismasi Chicago bila kuishia na vilio

Kuhusu ile treni ya Krismasi ya CTA, lile shirika la mabasi na treni za mjini hapa Chicago, kitu cha kwanza cha kujua ni kwamba ukiwa ndani humuoni Santa. Ndo hivyo. Santa anakaa nje, kwenye behewa la wazi lisilo na paa wala kuta, liko katikati ya treni, yuko na kigari chake cha kuteleza kwenye theluji, sanamu za wale kulungu wake na miti ya Krismasi imejaa taa, na kila stesheni anapunga mkono. Sasa anayemuona ni aliyesimama platifomu, aliyeko ndani anaona mapambo na migongo ya watu. Kwa mtu mzima haina shida. Lakini mtoto wa miaka mitatu umemwambia wiki nzima tunaenda kumuona Santa, afu mnakaa ndani nusu saa anauliza mama yuko wapi, mama yuko wapi, hapo utaimba nyimbo zote unazozijua.

Kwa hiyo ushauri wangu wote unazunguka hapo hapo. Treni hii na mtoto mdogo ni ya kuangalia kwanza, kupanda baadaye, na kupanda kidogo tu. Stesheni tatu nne zinatosha kabisa. Mnasimama platifomu mnamuona Santa anavyoingia, mnapanda mnaona taa na vitu vyote vya ndani, mnashuka mbele kidogo mnageuka mnamuona tena anaondoka. Kuzunguka laini nzima kutoka mwisho mpaka mwisho waachie wakubwa na wenye kamera zao.

Kwa mliofika mji huu karibuni, na najua huku kaskazini Rogers Park na maeneo jirani familia zinazoongea Kiswahili ziko nyingi hasa kutoka Kongo, hii siyo treni ya kununulia tiketi maalumu. Inaitwa Holiday Train, ni treni ya kawaida ya mjini iliyopambwa, ilianza mwaka 1992 kama treni ya kupeleka chakula kwa wenye shida, na mpaka leo wafanyakazi wa CTA bado wanaandaa maboksi ya chakula yanayogawiwa kwenye mashirika ya mitaani. Unalipa nauli ile ile ya kila siku, kwa kadi ya Ventra au kadi yako ya benki au simu, na mtoto chini ya miaka 7 akiwa na mtu anayelipa anapanda bure. Hakuna kubuku wala foleni ya tiketi. Akitokea mtu anakuuzia tiketi ya treni hii mwambie asante, tafuta mwingine.

Inaanza kuzunguka karibu na sikukuu ya Thanksgiving mwisho wa Novemba na kumaliza siku chache kabla ya Krismasi, kwa zamu, leo laini hii kesho ile. Ratiba inatoka Novemba kwenye transitchicago.com. Usichukue ratiba uliyotumiwa kwenye grupu la WhatsApp maana nusu ya zile picha ni za mwaka juzi. Siku yenyewe ikifika fungua Train Tracker ya CTA kwenye simu, treni ya Krismasi inaonekana mle imewekewa alama yake, kwa hiyo unajua kabisa imefika wapi na hamna haja ya kumgandisha mtoto juu kule kwa kubahatisha.

Sasa mahali pa kwenda, na hapa ndo pa kufikiria sana kuliko pengine pote.

Mi napenda mwanzo wa laini. Stesheni ya mwisho treni inapogeuza watu wengine wanashuka, mnapata upenyo wa kuingia, labda hata kiti. Ukisubiri katikati ya laini jioni ya Jumamosi, treni inafika imeshajaa mpaka mlangoni na wanaotaka kuingia ni kibao. Kimball ya Brown Line (laini za hapa zinaitwa kwa rangi) ni nzuri sana kwa hili, iko usawa wa barabara, hamna ngazi za kupandisha kigari cha mtoto. Midway ya Orange ina lifti. Wa kwetu kaskazini, Howard ina lifti na pale zinakutana Red, Purple na Yellow. Na kama treni ina siku ya Yellow Line usiidharau, ile laini ina stesheni 3 tu, Howard, Oakton na Dempster, kwa mtoto wa miaka miwili ni saizi yake kabisa, anapanda, anashangaa, anashuka kabla hajaanza kuchoka.

Mbinu nyingine kama mnakaa karibu na mwisho wa laini: simameni stesheni mbili tatu kabla ya mwisho. Treni inapita kwenda kugeuza, mnamuangalia Santa kwa raha zenu bila kugombania mlango, afu mnaisubiri inavyorudi upande wa pili ndo mnapanda. Mfano Loyola kwa Red Line, inakwenda Howard inarudi. Angalia ratiba inasema itarudi saa ngapi, kama katikati kuna muda mrefu shukeni mkajipashe joto mahali.

Na kuna watu hawataki kupanda kabisa, sawa tu. Brown Line kuanzia Kimball mpaka Rockwell inapita chini, inakata barabara kama reli za kwetu, kuna mageti yanashuka na kengele inalia. Unasimama kwenye njia ya waenda kwa miguu pale Rockwell au Francisco, nyuma ya geti, mtoto begani, treni inapita mbele yenu na taa zake zote na hujalipa hata senti. Kwa mtoto anayeogopa msongamano hii inatosha na kubaki. Southport na Paulina nazo ni nzuri kwa sababu platifomu ziko pande mbili, mkisimama upande wa pili wa reli mnaiona treni yote ubavu mzima bila mtu kuwakanyaga, na lifti zipo.

Mkienda katikati ya mji kwenye Loop kuna jambo moja, reli zina pande mbili zinazozunguka, Brown inatumia upande wa nje, Orange na Pink na Purple zinatumia upande wa ndani, kwa hiyo soma ubao chini kabla hujapanda, maana kupanda ngazi na mtoto na begi afu kugundua uko upande usio wako inakera. Nachowaambia marafiki zangu wote ni subirini ndani ya maktaba kubwa, Harold Washington, iko State na Van Buren na stesheni iko hapo hapo. Mnakaa kwenye joto, mtoto anafunua vitabu, choo kipo, wewe unaangalia simu, treni ikikaribia mnavuka mnapanda juu. Ila angalia saa za kufunga maana siku za wikiendi wanafunga mapema.

Nimetaja choo, ngoja nimalizie. Stesheni za CTA kwa kawaida hazina choo cha abiria. Narudia hakuna choo. Mtoto ndo kwanza kaacha pampasi mwezi uliopita? Mvalishe pampasi siku hiyo, hata akilalamika kuwa yeye mkubwa. Kojoa nyumbani, kojoa tena maktaba au dukani, na juisi punguza tangu mchana. Kumvua mtoto suruali tatu platifomu kwenye upepo wa ziwa hutakusahau.

Siku na saa. Wikiendi ya mwisho kabla ya Krismasi iepuke kama una uwezo, ndo kila mtu anakumbuka kwamba hajaenda. Wiki za mwanzo za msimu, katikati ya wiki, treni ya kwanza ya siku hiyo, hapo ndo pazuri kwa wadogo. Desemba jua hapa linazama mapema, karibu saa 10 na dakika 20 jioni kwa saa zetu, kwa hiyo treni ya saa 10 na nusu tayari taa zinawaka vizuri na mtoto bado hajafikia ile saa yake ya kulia. Baada ya hapo inaingia saa ya watu kutoka kazini, na hao hawako kwenye Krismasi, wanataka kufika nyumbani, na wana haki yao. Mlaze mchana hata kwa nguvu.

Kuvaa: tatizo siyo baridi peke yake, ni baridi afu joto afu baridi. Platifomu mnaganda, ndani ya behewa hita inawaka na watu wamebanana mtoto analoa jasho, mkishuka jasho linageuka barafu. Kwa hiyo valisha tabaka tabaka, nguo ya pamba ndani, sweta, jaketi la zipu unaloweza kufungua kwa mkono mmoja, siyo lile la kuvalia kichwani. Kofia inavuliwa mkiingia tu. Glavu zifunge kwa uzi mrefu unaopita ndani ya mikono ya jaketi, zining'inie, hazipotei. Na kwenye platifomu nyingi kuna zile taa za joto juu, kuna kitufe ukutani au kwenye nguzo unabonyeza zinawaka muda fulani zinazima unabonyeza tena. Wageni wengi wanasimama chini yake wanatetemeka hawajui kuna kitufe!

Kigari cha mtoto, hapana. Nimesema. Treni ikijaa unatakiwa ukikunje, sasa hebu fikiria mkono mmoja mtoto, mkono mwingine unakunja kigari, begi linadondoka, mlango unatangaza unajifunga. Na kwenye lifti kila mwenye kigari yuko kwenye foleni ile ile. Chukua mbeleko yako. Kitenge kizito kile cha mita mbili kinafanya kazi kuliko vibebeo vya dola mia, ila jaketi la nailoni linateleza, ukimfunga juu ya jaketi lake mtoto anashuka shuka mpaka magotini. Mfunge kwanza akiwa na sweta tu, afu koti lako kubwa lifunike wote wawili, joto lako linamtosha. Na kwenye treni mfunge mbele, siyo mgongoni, mgongoni humuoni na mabegi ya watu yanamgonga kichwani kila wakigeuka. Wa miaka mitatu minne ni mzito najua, huyo mpakate nyonga na kitenge kimsaidie kubeba uzito, kiuno chako kitashukuru kesho yake.

Treni inapoingia kila mtu ananyanyua simu na kusogea mbele kwa pamoja, na mtoto aliyesimama chini haoni chochote zaidi ya makalio ya majaketi. Mnyanyue mapema, kabla taa hazijaonekana. Simama mbali na ukingo, nyuma ya ule mstari wenye vidotidoti, mgongo wako uwe kwenye ukuta au nguzo. Mahali pa kusimama ni karibu na katikati ya platifomu lakini siyo katikati kabisa, kwa sababu lile behewa la Santa halina mlango, ukisimama mbele yake utapunga sana mkono halafu unakimbia kutafuta mlango wa behewa jingine, na treni haisimami muda mrefu. Sogea urefu wa behewa moja pembeni. Hapo Santa anakupita akiingia, mtoto anamuona vizuri, na mlango unafunguka karibu yako.

Mlangoni sheria ni moja: mtoto haingii peke yake na wala habaki nyuma yako, anaingia akiwa mwilini mwako. Hii habari ya kumtanguliza wa miaka minne aingie afu wewe unafuata na mdogo, acha, watu wakikukata katikati mlango unajifunga. Kila mtoto mdogo na mtu mzima wake. Kama mko wawili mna watoto watatu alikeni shangazi. Kabla ya kuondoka andika namba yako ya simu ndani ya jaketi kwa kalamu ya wino, na kubalianeni na mwenzako kabisa: tukiachana, aliyeko kwenye treni anashuka stesheni inayofuata na kusubiri, aliyeko platifomu habanduki hapo. Ndani ya behewa kuna kitufe cha kuongea na dereva, kitafute mkiingia tu. Nje tafuta mfanyakazi wa stesheni.

Na glavu au kidoli kikianguka relini, kimekwenda. Usishuke, usichokoe na mwavuli, reli ya tatu pale ina umeme wa volti 600. Mwambie mfanyakazi, akiweza atasaidia, asipoweza mtanunua nyingine. Mweleze mtoto hili nyumbani mapema, sio pale pale akiwa analia.

Ndani sasa, kuzuri kweli, siwezi kusema uongo. Nguzo za kushikia zimezungushiwa mistari kama pipi, viti vina vitambaa vya Krismasi, taa za kijani na nyekundu zinapita darini, na hata yale matangazo ya ukutani yamebadilishwa ya utani wa Krismasi. Muziki unapigwa. Wafanyakazi wamevaa kofia za wale wasaidizi wa Santa wanapita wanagawa vipipi vyenye mistari myeupe na myekundu vilivyopinda kama bakora. Mtoto wako akianza kukaza macho na kuziba masikio siyo kwamba hana shukrani, ni taa, muziki, joto na watu kwa mpigo, na magurudumu yakikata kona za Loop yanapiga yowe la chuma hasa. Mgeuzie uso kifuani kwako, mwonyeshe kitu kimoja tu, ile taa pale, ile ya kijani, na kama haitulii shukeni stesheni inayofuata. Nauli siyo hasara.

Kipipi chukua sema asante weka mfukoni. Pipi ngumu kwa mtoto chini ya miaka minne ni hatari ya kukaba koo, na kwenye treni inayotikisika ndo zaidi. Afu ni ya minti, nyingi zinatemwa kwenye kitenge chako dakika hiyo hiyo. Mpe andazi badala yake, ila mkiwa platifomu au mkishashuka, ndani hamna hata pa kuinua kiwiko. Chai ya maziwa kwenye chupa ya moto ni yako wewe ya kusubiria, iwe na mfuniko unaofunga kweli.

Kumwogopa Santa ni kawaida kabisa. Uzuri wa treni hii hakuna kupakatwa na mtu usiyemjua wala kupanga foleni ya picha, yeye yuko juu kule anapunga anaondoka, umbali unamsaidia mtoto mwoga. Usimwambie utamwona karibu, mwambie kuna mzee anapita na treni yenye taa, tutampungia. Akitokea amefurahi zaidi ya hapo ni faida.

Waislamu wenzangu mara nyingi wananiuliza, inakuwaje. Kila nyumba ina mipaka yake na mimi siyo shehe. Sisi kwetu tunaenda kuangalia taa, mtoto anajua siyo sikukuu yetu na kwamba majirani wanasherehekea, na ile ya kusimama barabarani pale Rockwell kwenye Brown Line inafaa sana kwa anayetaka mtoto aone bila kuingia. Anayeona haifai hana haja ya kumuelezea mtu.

Bibi yuko Tanga anataka kuona laivu? Kati ya hapa na Afrika Mashariki kipindi hiki ni masaa 9, saa 10 na nusu jioni yetu kwao ni saa 7 na nusu usiku, bibi atapokea simu anadhani kuna msiba. Goma na Bukavu ni masaa 8, hamna nafuu. Rekodi kipande kifupi simu ikiwa imelala ubavu, watumie, wataamka nacho. Na simu ichaji ijae na uiweke mfuko wa ndani karibu na mwili, baridi inakula betri, inaweza kuzima ikiwa bado inaonyesha asilimia thelathini.

Treni ikifika imejaa pomoni usijilazimishe. Mmeshamuona Santa, kubwa limeisha. Siku zingine CTA wanaleta na treni ya pili iliyopambwa vile vile ndani, haina behewa la Santa ila haina pia ule msukumano, Train Tracker itakuonyesha kama ipo. Pia kuna basi lao la Krismasi linazunguka njia mbalimbali msimu huo huo kwa nauli ya basi, na kama ngazi na reli zinakutisha ukiwa na mtoto, basi unapandia kituo cha barabarani na kushukia barabarani. Wenye gari na wanaotaka viti vya uhakika waangalie Illinois Railway Museum kule Union, nje ya mji, wana treni yao ya sikukuu ya kulipia, na hiyo usisubiri Desemba, anza kuangalia tiketi mapema majira ya majani kuanguka.